Visanduku Vilivyoifumba Kwaya Mdomo

Saa tatu asubuhi, Mama Nukta anatoka kwenye chumba chake cha kazi akiwa na flashi mkononi, anavuka ukumbi mwembamba wa jengo na kuingia kwa fundi simu wa upande wa pili bila hata kubisha hodi.

Fundi simu hainui macho. Ana simu ya mtu imepasuliwa tumbo mezani. Kwa kidole kidogo anamwelekeza kwenye kompyuta kuukuu iliyokalishwa juu ya kreti ya soda pale kwenye kona.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema. "Leo umeleta nini, mama? Ibada au harusi?"

"Harusi. Tena ina alama nyingi kuliko wageni."

Anachomeka flashi, anasubiri. Kompyuta ile haina haraka na mtu. Haina programu ya nota, haina fonti za ziada za kuchorea herufi, hata saa yake imekosea mwaka. Ukurasa ukifunguka, Mama Nukta anainama mpaka pua inakaribia kioo, anapitisha kidole chini ya maneno huku midomo ikicheza. Kwenye kila herufi yenye alama anasimama kidogo, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mwisho ananyooka na kuchomoa flashi.

"Imepona," anasema, na anaondoka.

Zoezi hilo analiita kupeleka wimbo ugenini. Siku hizi hakuna kazi inayotoka mikononi mwake bila kupita kwenye kompyuta hiyo isiyojua kitu. "Nyumbani kila mtoto ana adabu," anasema. "Mpeleke ugenini ndipo utajua umelea nini."

Hakuwa hivyo zamani. Alijifunza, na somo lenyewe lilimgharimu mtu mwingine, jambo linalomkera mpaka leo.

Mama Nukta ni mchapaji wa nota. Kwaya, bendi na shule humletea nyimbo zilizoandikwa kwa mkono, naye huziingiza kwenye kompyuta: nota juu, maneno chini yake, kila silabi ikikaa chini ya nota yake. Ukurasa mmoja humpatia bei ya mikate miwili. Mwezi mzuri huleta nyimbo kumi na tano. Mwezi mbaya huleta wadeni wa mwezi mzuri, anasema, na kucheka peke yake.

Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho. Hili la Nukta alilipata siku alipomkimbilia kiongozi wa bendi ya tarumbeta hadi barabarani, viatu mkononi, amrudishe kwa ajili ya kitone kimoja kilichokosekana juu ya herufi. Yule bwana alidhani amesahau kulipa, akaongeza mwendo.

Chumba chake kipo nyuma ya duka la fotokopi. Mna meza moja, printa inayokohoa kabla ya kufanya kazi, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya bima, mpaka mabosi walipojifunza kujichapia wenyewe. Alirudi nyumbani na vidole vyepesi visivyo na kazi. Alikuwa akiimba alto kanisani, na mpiga kinanda wao ndiye aliyemwekea programu ya nota, akamwonyesha mwanzo, mengine akamwachia Mungu.

Mumewe, mchomeleaji mageti, huiita kompyuta yake ya kazi mume mwenzake. "Huyu bwana mwenzangu amekula leo?" huuliza anapompitia jioni. "Maana mimi bado."

Kiswahili, anasema Mama Nukta, ni mteja mpole. Herufi zake zinapita kila mlango. Kazi inaanza wimbo unapokuja kwa lugha yenye alama, vikofia juu ya herufi, mikwaju ya kupandisha na kushusha sauti, vitone chini. Walioitengeneza programu walifikiria nota kwanza, maneno baadaye. Basi alama nyingine huhama na kukaa kando ya herufi yake, nyingine huparamia mistari ya nota iliyo juu, na nyingine hutoweka kabisa, mahali pake kikabaki kisanduku kitupu.

"Ukiona kisanduku, kompyuta inakwambia: hapa pana herufi ila mimi siijui," anaeleza. "Inasema kweli. Wapo watu wangapi wasiojua na hawasemi?"

Alikuwa akivichukulia visanduku kama usumbufu wa kazi, kama vile nyuzi kwa fundi cherehani. Mpaka ulipokuja wimbo wa mwalimu.

Mwalimu huyo ameongoza kwaya moja ya mjini tangu waimbaji wake wengi hawajazaliwa. Ni mtu mrefu, mkali kwenye mazoezi na mcheshi nje yake, anayejulikana kwa kusimamisha kwaya nzima kwa sababu ya mtu mmoja wa safu ya nyuma. Miaka michache iliyopita sikio lake la kulia lilikufa. La kushoto likaanza kulifuata. Daktari wa masikio alimweleza bila kumficha: maneno yataondoka kabla ya sauti. Atasikia watu wanasema, asijue wanasema nini. Kisha na hiyo sauti itakwenda.

Alipokabidhi kwaya kwa kiongozi mpya, msichana aliyemfundisha mwenyewe, waimbaji walipanga kumuaga kwa jambo moja. Zamani, akiwa kijana wa kuoa, mwalimu aliandika wimbo kwa lugha ya kwao, akamwimbia mchumba. Mchumba akawa mke, na mke sasa ni marehemu. Wimbo haukuimbwa tena tangu msibani. Walitaka ausikie mara moja zaidi, wakati bado ana sikio la kusikilizia.

Binti yake akauchukua ule wimbo kwa siri kutoka kwenye kabati la baba, akaupeleka kwa Mama Nukta. Lugha yenyewe binti haijui. "Niliyojifunza mimi ni ya kugombezwa tu," anasema. "Ukinigombeza naelewa kila neno. Ukinisifu, sina habari."

Mama Nukta hakumjua mwalimu, lakini wimbo ulimkamata. Lugha ile ina herufi zenye alama mbili kwa pamoja, moja juu na moja chini, na fonti ya kawaida ya programu ilizikataa katakata. Akatafuta mpaka akapata fonti ya pekee inayozijua. Silabi zenye alama akazivalisha fonti hiyo. Zisizo na alama akaziacha na ya kawaida. Akaisogeza kila alama isiguse mstari. Ukurasa ulipotoka kwenye printa alimwita mwenye duka la fotokopi aje autazame.

"Nilijisifu," anasema. "Nilisema, leo hata mimi ningejilipa mara mbili."

Mtunza hazina wa kwaya, mtu wa kubana matumizi, akaomba atumiwe faili kwa simu ili nakala zitolewe mahali pa bei nafuu. Mama Nukta akatuma. Hakuhakikisha kwamba fonti ile ya pekee imefungashwa ndani ya faili. Kwake ilionekana, basi akadhani itaonekana kokote. Faili ikasafiri bila herufi zake, mithili ya mtu aliyepanda basi akaacha begi kituoni. Kwenye kompyuta ya huko ilikofika, kila silabi yenye alama ikawa kisanduku.

Kwaya nyingine yoyote ingerudisha karatasi na kuuliza. Kwaya hii haikuuliza. Katika kwaya hii, kisanduku kidogo chini ya nota kina maana yake, aliyoiweka mwalimu mwenyewe: hapa fumba mdomo, uvumishe sauti puani. Ni alama ya kwao wenyewe, wanaichora kwa penseli, na kila mwimbaji hufundishwa wiki ya kwanza.

"Tuliona visanduku, tukafumba," anasema kiongozi mpya, na anaziba uso kwa viganja hata sasa. "Tena tulisifia! Nilisema, oneni ufundi wa mwalimu, maneno yanaingia na kutoka kama jua na mawingu. Lugha hakuna aliyeijua. Na yeye tusingeweza kumuuliza, si ni zawadi ya siri?"

Wakafanya mazoezi wiki nzima, wakakamilisha kila kisanduku. Siku ya kuaga ikafika. Mwalimu akakalishwa kiti cha mbele, binti yake upande wa sikio lililo hai.

Binti anakumbuka uso wa baba yake nota za kwanza zilipoanza. Aliutambua wimbo papo hapo. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainamia kwaya. Neno likaja, likakatika. Jingine likaja nusu. Sauti ilikuwa ikiendelea, anaisikia, nzuri, ila maneno yanatumbukia shimoni moja baada ya jingine. Binti alimwona baba akigeuza kichwa kidogo huku, kidogo kule, akitafuta mahali pa kusikia. Halafu akakishusha kiganja, akakiweka mapajani.

Mwisho alisimama, akawashukuru, akawapa mkono wote. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mazoezini, ingawa walimwekea kiti.

Mama Nukta hakuwapo siku hiyo wala hakusikia lolote. Mwezi ulipita. Ndipo asubuhi moja binti akaingia chumbani kwake na karatasi ya tangazo la kuchapa: kinanda kinauzwa, hali nzuri, bei maelewano.

"Cha nani?" Mama Nukta akauliza, kwa udaku wa kawaida tu.

"Cha baba. Anasema kimemaliza kazi."

"Mwalimu auze kinanda? Anaumwa?"

"Masikio, dada. Yamekwisha. Ile siku ya kuagwa alisikia sauti, maneno hakuyasikia. Akasema daktari alimwambia itakuwa hivyo, sasa imekuwa. Nimembembeleza arudi kupimwa, akanijibu sikio la kufa halisikii dawa. Anafanya mzaha huku analia."

Kwenye mkoba wa binti ilikuwamo bado nakala aliyopewa siku ile. Aliitoa aonyeshe jinsi kazi ilivyokuwa nzuri, amfurahishe fundi wake. Mama Nukta akaipokea. Akaitazama. Akakaa.

"Hapa waliimba nini?" akauliza, kidole kwenye kisanduku.

"Hapo? Hapo walifumba mdomo."

"Na hapa?"

"Walifumba."

"Na hapa?"

Binti akamtazama bila kuelewa. Mama Nukta akaitoa nakala yake nzuri, akaiweka kando ya ile. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini safari hii mwiba ulikuwa wake na mguu wa mtu mwingine. Mzee mzima amekaa nyumbani mwezi mmoja akijizika, na ugonjwa wenyewe ni fonti.

"Tangazo hili silichapi," alisema. "Twende nyumbani kwenu."

Njiani alitaka kurudi mara mbili. Anakiri kwamba alitafuta namna ya kumtupia lawama mtunza hazina na ubahili wake, akaona haifai. Walimkuta mwalimu sebuleni, redio imezimwa, kinanda kimefunikwa shuka.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa sauti ya juu, akiwa amesimama upande wa kushoto kama alivyoelekezwa.

"Marahaba. Usipige kelele, mwanangu, bado sijafika huko kote."

Hakuwa na hotuba. Aliweka mbele yake karatasi mbili, ile ya visanduku na ile nzuri aliyoitoa kwenye printa yake. Macho ya mwalimu bado yanasoma vizuri. Alivaa miwani, akasoma nota za kwanza akiimba chinichini, akakatiza ghafla.

"Nani amewaambia wafumbe mdomo hapa?"

"Ni wewe, mwalimu."

Binti alishika mlango. Kisha mwalimu akaitazama tena karatasi, kisanduku kwa kisanduku, na mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Alicheka, anasema binti, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, na katikati yake kikageuka kilio, kikarudi tena kicheko.

"Kumbe walinitii!" alisema. "Miaka yote hii nawapigia kelele hawanisikii, siku moja wananitii, ndiyo siku hiyo!"

Mama Nukta alimwomba radhi. Mwalimu akamjibu kuwa kuteleza si kuanguka. Lakini yeye mwenyewe hajajisamehe haraka hivyo, na anaeleza kwa nini. Masikio ya mwalimu kweli yanakwenda. Daktari hakudanganya. Mwezi ule aliokaa kimya, redio imezimwa na kinanda kimefunikwa, ulikuwa mwezi wa kusikia.

"Angeweza kusikiliza chochote alichopenda," anasema, na sauti yake inapungua. "Mimi nilimnyima. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimwombe radhi mara mia, mwezi ule haurudi."

Kwaya ilikuja nyumbani Jumapili iliyofuata. Sebule haikutosha. Soprano waliingia wote, alto wakajibana mlangoni, teno wakapangwa kwenye korido, besi wakasimama jikoni wakiimbia masufuria. Mama Nukta alikaa sakafuni karibu na kinanda, na kila mmoja alikuwa na nakala aliyoichapa yeye, kwenye printa yake, akazikagua moja moja. Kiongozi mpya alikuwa amekwenda kwa mwalimu jioni kadhaa kujifunza matamshi.

Waliimba. Mwalimu aliweka kiganja nyuma ya sikio na hakukishusha. Midomo yake iliyatangulia maneno kidogo, halafu maneno yakamfikia, yote. Ulipofika ubeti unaomtaja mke, binti alitoka nje.

Walipomaliza, hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Mwalimu alipangusa macho. Kisha akageuza kichwa kuelekea korido.

"Teno mmechelewa," alisema. "Tena mara mbili."

Mama Nukta anasema hajawahi kusikia lawama tamu kama ile. Teno wenyewe walikumbatiana.

Kinanda hakikuuzwa. Na kilichofuata hakuna aliyekipanga. Mwalimu ana nyimbo nyingi za lugha yake, nyingine kwenye karatasi zilizofifia, nyingine kichwani tu, hazijawahi kuandikwa. Mama Nukta sasa huenda kwake alasiri mara mbili kwa wiki akiwa na kompyuta ndogo ya kuazima. Mwalimu huimba au hupiga kinanda, yeye huchapa, kisha huicheza kwa spika mwalimu asikilize na kusahihisha. Hamlipishi. Mumewe aliponung'unika kidogo, alimpeleka naye. Sasa ni yeye anayebeba spika.

Fonti nazo Mama Nukta amezipatia dawa. Wimbo mzima huuvalisha fonti moja inayojua kila herufi, haichanganyi tena mbili. Huichukua herufi ikiwa nzima na alama zake, haitungi kwa vipande. Huifungasha ndani ya faili, kisha huipeleka ugenini kwa fundi simu. Hata hivyo, kila wiki sikio la mwalimu linarudi nyuma hatua. Mwalimu hawasikii tena soprano wa juu. Huuliza, "Wameingia?" Mama Nukta hujibu, "Wameingia, mwalimu," na wanaendelea.

"Mpango wangu ni kumaliza zote kabla masikio hayajamaliza," anasema Mama Nukta. "Lakini nikishindwa, nataka vitabu viwepo. Mtu wa nota akisoma anasikia. Sasa akisoma akutane na kisanduku, hapo nitakuwa nimemfanya kiziwi mara ya pili."

Alasiri ya juzi mimi ninayeandika haya nilikwenda naye. Wimbo wa siku hiyo ulikuwa wa kubembeleza mtoto, mwalimu aliutunga binti yake alipozaliwa, na kurasa zake zilikuwa zimetoka kuchapwa. Mama Nukta aliubonyeza uanze. Kwenye kioo mstari wa kufuatia nota ukaanza kutembea, mwalimu akaweka kidole kwenye karatasi, mguu ukipiga mapigo taratibu. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote.

Mama Nukta alishtuka, akainua mkono kuigusa spika. Kitufe chake kilikuwa kimezungushwa hadi kuzima.

"Iache," alisema mwalimu bila kuinua macho. "Nimeizima mimi. Nataka kujua kama karatasi inatosha."

Akaurudisha mkono. Mwalimu aliendelea, kidole kikienda nota kwa nota, silabi kwa silabi, midomo ikicheza, hakuna pahali aliposita. Kwenye mstari wa mwisho binti yake, aliyekuwa akipita na chai, alisimama na sinia mkononi. Mwalimu alifika mwisho wa ukurasa wakati uleule mstari wa kwenye kioo ulipofika.

Alivua miwani, akamtazama mchapaji wake.

"Umeusikia?" Mama Nukta aliuliza.

"Wote," alisema mwalimu. "Lete unaofuata."